Mwisho wa Kiama Mbili Uliotafunwa na Deki

Rehema kaniwekea simu mezani, kasema niongee tu, yeye ataandika. Eti nyie vijana mnaotafsiri filamu kwa Kiswahili na kuzirusha mitandaoni mnataka siri za kazi kutoka kwa mtu wa zamani. Mtu wa zamani ndiye mimi. Siri hakuna. Kuna koo, kuna pumzi, na kuna kuzoea kutukanwa na watu waliolipa kiingilio. Ukiwa navyo, karibu. Ukiwa huna, kauze vocha.

Naitwa Zuhura. Nimetafsiri filamu Kariakoo tangu enzi za mikanda ya video mpaka CD zilipoanza kutupwa jalalani. Kwa msioijua kazi yenyewe: ni banda, televisheni moja, deki moja ya kuchezea mikanda, mabenchi, na watu wamebanana hivi kwamba mmoja akipiga chafya anaomba radhi benchi zima. Filamu inaongea Kiingereza, au Kichina, au lugha ambayo hata aliyeileta haijui. Mtafsiri anakaa pembeni na maiki, anapunguza sauti ya filamu kwa mkono wa kushoto, anaongea yeye. Anakuwa askari, anakuwa bibi harusi, anakuwa mbwa. Mimi mbwa nilikuwa namweza sana.

Sauti yangu ilikuwa nzito tangu utoto. Shangazi yangu alisema kwa sauti ile sitapata mume. Nimepata wawili, na wote nimewazika. Sasa sauti yenyewe imekwisha, na daktari wa koo kule Posta kaniambia kilichobaki nikitumie kuombea maji ya kunywa. Ndiyo maana Rehema, mjukuu wa dada yangu, kasogeza simu mpaka karibu niimeze.

Nimesikiliza kazi zenu. Gari linalipuka, na kijana anasema, "Gari limelipuka!" Loh! Kwani sisi vipofu? Usitafsiri kinachoonekana. Mtu akipigwa ngumi, nyamaza, ngumi inajisemea. Wewe sema kile ambacho mtazamaji hakioni: yule aliyepigwa anamdai yule aliyempiga posa ya dada yake. Hapo benchi zima litainuka. Halafu mnakunywa soda ya baridi mkiwa kazini. Maji ya uvuguvugu, jamani, na kipande cha tangawizi shavuni. Soda itakutoa cheuo katikati ya mazishi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shebe, mtu wa Kilwa, mwembamba, kanzu yake siku zote ina doa la kahawa pale pale. Mimi nilikuwa mlangoni nakatisha tiketi na kuuza kahawa na kashata. Yeye ndiye mtafsiri, na watu hawakusema wanaenda kuangalia filamu, walisema wanaenda kwa Shebe. Kila muigizaji alimpa jina la hapa hapa, kwa sababu, alivyosema, huwezi kumlilia mtu ambaye jina lake linakushinda kutamka. Jambazi mmoja alimwita Mwenyekiti. Baada ya siku chache mwenyekiti wa mtaa akaja na watu wake kulalamika kwamba anadhalilishwa. Mzee Shebe akamkaribisha, akampa kiti cha mbele, na kahawa. Mwenyekiti akaangalia namna Mwenyekiti anavyoogopwa na kila mtu kwenye filamu. Kuanzia siku hiyo hakukosa onyesho, na aliyetaka kumpita mlangoni alisimama kwanza, kama kwenye filamu.

Banda lenyewe lilikuwa ghala la nyuma la duka la vitambaa la Bwana Kanti, Mhindu mmoja mpole ambaye hakuwahi kukaa kuangalia filamu hata moja, ila zote alizisikia kupitia ukutani akiwa anapima vitambaa. Mikanda aliletewa na ndugu zake waliokuwa wanasafiri. Sharti lake lilikuwa moja tu: ng'ombe asichinjwe kwake. Sasa kwenye Kiama Mbili, ambayo ndiyo habari yenyewe na nitaifikia, kuna watu wenye njaa wanamchinja ng'ombe, tena bila haraka. Mzee Shebe akasema kwenye maiki, "Wanamchinja mbuzi." Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mzee, mbuzi gani ana nundu?" Mzee Shebe hakugeuka. "Mbuzi wa baada ya kiama." Upande wa pili wa ukuta mkasi wa Bwana Kanti ukaendelea kukata.

Haya, Kiama Mbili. Jina lake la kizungu silijui, kasha la mkanda lilikuja na namba 2 tu na picha iliyochanika. Ya kwanza hatukuwahi kuiona. Watu walipouliza ya kwanza ilikuwaje, Mzee Shebe akawajibu, "Ya kwanza dunia ilikuwa bado nzima. Hamna cha kuona." Wakaridhika.

Dunia imeungua. Bahari imekauka, imebaki chumvi tupu. Kisima kimebaki kimoja, ndani ya uzio wanaishi familia chache, na nje wamezingirwa na wanaume waliojivika vipande vya matairi, wana magari na wana kiu. Anatokea dereva mmoja na basi bovu lisilo na vioo. Haongei, hacheki, hana kwao. Anakubali kuwatoa wale watu. Ndiyo filamu nzima. Mzee Shebe akamwita yule dereva Saidi Vumbi.

Tatizo la Saidi Vumbi ni kwamba hasemi. Mtafsiri wa kawaida angemjazia maneno mdomoni mpaka aonekane mpiga debe. Mzee Shebe alimwacha anyamaze, akaliongelesha basi. Injini ikikoroma, basi linalalamika: "Saidi, gia ya pili inaniuma." Likipanda kilima: "Saidi, mimi si kijana, unajua." Saidi anakunja uso, na banda lote linaona kabisa kwamba amesikia. Watu walitoka pale wanalipenda basi kuliko ndugu zao. Nawaambieni hivyo mjue, mtu kimya kwenye filamu si kazi ngumu, ni zawadi. Tafuta kilicho karibu naye, kisemeshe.

Siku ya kwanza kabisa ya kuionyesha, banda limejaa mpaka watoto wameninginia dirishani. Tumefika karibu na mwisho. Basi limepasua uzio, limejaa watu, linakimbia kwenye chumvi. Nyuma kule kisimani wamebaki walioshika lango ili wenzao watoke, kibibi mmoja na wanawe wawili. Wale wa matairi wanawasogelea. Saidi Vumbi anainua macho, anaangalia kioo cha pembeni. Hapo hapo deki ikaguna, ikaanza sauti ya mtu anayetafuna karanga.

Tukaifungua. Utepe ulikuwa umegeuka tambi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mikanda pale, unakata palipoharibika kwa wembe, unaunga kwa seloteipu, unauzungusha kwa penseli, kazi inaendelea. Lakini kipande kile cha mwisho chote kilikuwa kimesagika, hakuna cha kuunga. Bwana Kanti akaja mwenyewe kutoka dukani, anasema turudishe viingilio. Watu wameshaanza kuvunja benchi. Na hakuna kati yetu aliyejua filamu inaishaje, maana mkanda ulikuwa umefika asubuhi ile ile.

Mzee Shebe akasema, "Kaeni." Akaizima televisheni kabisa. Akashika maiki, akawatolea mwisho gizani.

Saidi Vumbi anakanyaga breki. Abiria wanapiga kelele, wanamwita mwendawazimu. Yeye anasema neno lake la kwanza na la mwisho kwenye filamu nzima: "Kuna mtu tumemwacha." Basi linamwambia, "Saidi, mimi nimechoka, lakini twende." Anageuza. Anarudi katikati ya wale wenye matairi, anawatoa vijana wawili, anambeba yule kibibi mgongoni, anamkalisha kiti cha nyuma ya dereva. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kahawa mkononi, na nilikuwa nalia. Wanaume wamesimama juu ya mabenchi wanapiga makofi, mbele ya televisheni iliyozimwa.

Baadaye nikamuuliza, "Mzee, mwisho ule umeutoa wapi?" Akasema, "Zuhura, kioo cha televisheni kikiwaka ni cha mwenye filamu, mfuate kama alivyo, usimdanganye mtu juu ya anachokiona kwa macho yake. Kikizimwa, ni changu."

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila onyesho, mkanda unafika kwenye kioo cha pembeni, mimi nainuka nazima televisheni, Mzee Shebe anamalizia. Aliporudi kwao Kilwa, akafia huko, Mungu amrehemu, maiki nikachukua mimi na mwisho ule ule nikaurithi, neno kwa neno. Hata tulipohamia kwenye CD, tukarekodi kwenye chumba kilichozibwa magodoro, watu waliiulizia. Kile chumba nacho kilikuwa na vituko vyake. Fundi wetu wa sauti alibandika sauti ya harusi ya Kihindi niliyoitafsiri juu ya filamu ya karate, ikatoka hivyo hivyo, watu wanavunjana mbavu huku bibi harusi anaaga kwao. Iliuzika vizuri. Walirudi kuulizia ya pili yake.

Lakini Kiama Mbili ni kitu kingine. Nyie mnaipenda filamu wiki moja, ikitoka mpya mmeisahau. Pita Kariakoo asubuhi malori yanapopakiwa. Ukisikia mtu mwenye mvi anapiga kelele, "Kuna mtu tumemwacha!" na mwingine anaitikia, "Geuza basi!", hao ni watu wa banda letu. Juma Kinyozi kalichora lile basi ukutani kwenye saluni yake, na kila Jumapili wanakutana pale kwa kahawa kubishana. Wanabishana basi liligeukia kushoto au kulia. Juma ananiapia kwa jina la Mungu kwamba aliona chozi la yule kibibi likidondoka. Mwingine anasema hapana, lilikuwa jasho. Hakuna aliyeona kitu chochote! Kioo kilikuwa cheusi tii, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nazima. Nimewaambia mara nyingi. Wananiangalia kwa huruma, eti uzee.

Mkubwa wao ni Chande. Zamani alikuwa anavuta mkokoteni, siku hizi ana duka la maturubai mtaa wa nyuma ya soko. Kwenye ubao wa mkokoteni wake alikuwa ameandika SAIDI VUMBI ANARUDI, na mtoto wake wa kwanza anaitwa Saidi. Huyu mpenzi wa filamu simcheki, na nitawaambia kwa nini.

Wakati ule anavuta mkokoteni alikuwa anakaa Jangwani, bondeni, chumba jirani na cha mama mkwe wake, Bi Tatu. Bi Tatu ni mtu wa ukoo mkubwa hapa mjini, binti yake alimuoza kwa Chande shingo upande, na hakuwa anaficha. Alikuwa akimwita "yule mvuta mkokoteni" hata akiwa amekaa naye mkeka mmoja. Sasa ikaja mvua, bonde likajaa alfajiri. Chande akamtoa mke na watoto mpaka barabarani, juu. Kuangaliana, Bi Tatu hayupo. Watu wakamwambia subiri, maji yamefika kifuani, usijiue. Chande aliniambia kwamba alisikia kabisa sauti ya Mzee Shebe sikioni, "Kuna mtu tumemwacha." Akarudi. Akamkuta mama mkwe juu ya kabati la vyombo, kafumba macho anasoma dua. Akambeba mgongoni, akapita naye kwenye yale maji, na kuna mahali maji yalimfika kidevuni.

Alipomweka barabarani Bi Tatu akafumbua macho, akauliza, "Nani kanibeba?"

Nyie wa siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana. Kwetu sisi mama mkwe unampa salamu ukiangalia chini. Sasa umbebe mgongoni, kalowa chapachapa, kanga imemganda! Chande akaona aibu hata ya kuvuta pumzi. Akasema, "Saidi Vumbi, mama."

"Mwenzio wa kazini?"

"Ndiyo, mama."

Basi. Tangu hapo Bi Tatu akawa anamwombea Saidi Vumbi kila Ijumaa. Akipika vitumbua anatenga sahani, anamwambia Chande, "Mpelekee mwenzio." Chande anaipokea kwa mikono miwili, anakata kona, anavila. Sisi wote tunajua. Tukimwambia amwambie mama ukweli, anasema, "Aliyenirudisha ni Saidi. Bila yeye mimi ningesubiri boti kama wengine." Na alikuwa anaamini hivyo, si kujishusha. Ukimsifia kwa lile jambo anakukatisha, anakuhadithia filamu.

Sasa juzi juzi Rehema kaja na kompyuta yake, anachekelea. Kaipata Kiama Mbili mtandaoni, nzima, imesafishwa, rangi zinang'aa. Anataka tuwaonyeshe wale wazee wa saluni kwa projekta aliyoinunua, na mimi nitafsiri mara moja ya mwisho kwa sauti hii hii iliyobaki. Chande akatoa ghala lake na turubai jeupe la kuonyeshea. Kila mtu kachangamka. Mimi nikamwambia Rehema, kabla ya kushika maiki lazima nione mpaka mwisho. Hilo liandikeni popote mnapoandika: usifungue mdomo kabla hujaona mwisho.

Tukaangalia, mimi na yeye, chumbani kwangu. Mpaka kioo cha pembeni. Saidi Vumbi anainua macho. Anamwona yule kibibi kwenye kioo, kadogo, na wale wa matairi wanamfikia. Anaangalia. Halafu anashusha macho, anakanyaga mafuta, anaondoka. Muziki. Imeisha.

Nilimtukana Saidi Vumbi matusi ambayo Rehema amekataa kuyaandika. "Bibi, si filamu tu," akaniambia. Kwake yeye, ndiyo. Nilijisikia vibaya kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa nyumba ya jirani na kuambiwa akawape. Chande kaishi maisha yake yote akijua kwamba jambo kubwa alilowahi kufanya aliagizwa na mtu jasiri kuliko yeye. Leo nimwonyeshe kwamba yule mtu alikimbia?

Nikaenda dukani kwake nimwambie. Nikamkuta kapiga magoti anakata turubai la kuonyeshea kwa mkono wake, hataki vijana wake waliguse. Akaniambia, "Bi Zuhura, safari hii nitamwona anavyogeuza vizuri, picha ya zamani ilikuwa na chenga chenga." Nikamwambia hongera kwa turubai, nikaondoka.

Kumdanganya juu ya picha inayowaka sikuweza. Mzee Shebe angenitokea kutoka kaburini. Tukapanga na Rehema: tukifika kwenye kioo cha pembeni mimi nashusha kitambaa changu, yeye anachomoa umeme. Giza. Nami ninautoa mwisho wetu, kama siku zote. Rehema akasema, "Rahisi, Bibi."

Jumapili alasiri ghala likajaa. Mvi tupu. Mimi nimekaa na maiki yangu na maji ya tangawizi. Mara mlango ukafunguliwa, kaingia Bi Tatu, kashikwa na wajukuu huku na huku, kazeeka mpaka amekuwa mdogo. Akasema, "Nimesikia leo ni siku ya Saidi Vumbi. Nimekuja kumwona kabla sijafa." Chande alikuwa ananyoosha nyaya. Alibaki na waya mkononi, jasho linamtoka, haangalii mbele wala nyuma. Wakamkalisha mama kiti cha mbele.

Filamu ikaanza. Sauti yangu ilikwaruza, lakini basi lile ni zee, ikalifaa. "Saidi, gia ya pili inaniuma," nikasema, na watu wazima wakalia kwa kicheko. Bi Tatu akamuuliza Chande, kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Ndiye huyo?"

"Ndiye, mama."

"Mbona mzungu?"

"Vumbi, mama."

Bi Tatu akaendelea kuangalia, mikono kaikunja mapajani. Mimi koo linawaka moto, nahesabu dakika, nasali nifike. Ng'ombe wakamchinja, nikasema mbuzi. Uzio ukapasuliwa. Kioo cha pembeni. Nikashusha kitambaa.

Rehema akachomoa waya. Maiki ikafa, spika zikafa, feni ikasimama. Projekta ikaendelea kuwaka. Ina betri yake ndani, na mwenyewe alikuwa amenieleza wiki nzima kwamba ndiyo sababu ya kuinunua. Akaweka kiganja mbele ya mwanga, turubai likajaa vidole.

"Ondoa mkono, mwanangu," Chande akamwambia. "Hapo ndipo penyewe."

Akauondoa. Saidi Vumbi, mkubwa kama ukuta, anaangalia kioo. Juma Kinyozi akapiga kelele, "Geuza basi!" Wengine wakaitikia, "Geuza basi! Geuza!" Wazee wamesimama, wananyoosha vidole kushoto, kulia. Saidi Vumbi akashusha macho, akakanyaga mafuta. Basi likawa dogo, likawa nukta, majina ya kizungu yakaanza kupanda.

Watu wakakaa mmoja mmoja. Chande alibaki amesimama.

"Bi Zuhura, mbona hageuzi?"

Sina maiki, sina sauti. Nikamjibu hivyo hivyo. "Hageuzi, Chande."

"Hata siku ile?"

"Siku ile kioo kilikuwa kimezimwa. Aliyegeuza ni Mzee Shebe."

Akatikisa kichwa polepole. Nimemfahamu Chande tangu hana ndevu, sijawahi kumwona vile, kapwaya ndani ya shati lake. Moyo uliniuma, nawaambia kweli, nikatamani ile deki ingefufuka itafune projekta na kompyuta na Rehema mwenyewe.

Bi Tatu akageuka kwenye kiti chake. "Chande."

"Naam, mama."

"Yule aliyenibeba hakuwa mzungu."

"Hapana, mama."

"Na yule pale kakimbia, nimemwona. Sasa mimi kule kwenye maji nilibebwa na nani?"

Chande kainamisha kichwa, anatazama sakafu kama inavyompasa mbele ya mkwewe. Akasema kitu, hakikusikika.

"Sema kwa sauti, baba. Masikio yangu mazito."

"Ni mimi, mama. Nilikubeba mimi."

"Najua," Bi Tatu akasema. "Nilijua tangu nilipokuwa mgongoni kwako. Nikaona umetaja jina la mwingine, na mimi nikanyamaza, nilikuwa na kiburi. Nimekuja leo nikuone kama utathubutu kumpa sifa zako mzungu huyu mbele yangu."

Akakipigapiga kiti cha plastiki kilichokuwa tupu pembeni yake, bega kwa bega naye, mahali ambapo mkwe hakai. "Kaa hapa." Chande akakaa, akalia mbele za watu, na yule mama akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake.